Kompyuta Iamkapo: Habari ya Daftari ya Kumbukumbu

Katika mji wa Dar es Salaam, Upanga na Kariakoo ni sehemu mbili zilizo karibu, walakini kazi zake ni mbalimbali. Upanga ni mahali pa makazi na nyumba za ghorofa, na huko ndiko iliko Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Kariakoo ni mahali pa biashara. Jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jengo kubwa la soko lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975. Katika mitaa inayolizunguka zauzwa nguo, vyombo na nafaka, na siku hizi simu na kompyuta pia, mpya na zilizokwisha kutumika.

Katika biashara hii ya simu huzuka ugomvi wa namna moja mara kwa mara. Mathalan, mama mmoja wa Upanga amenunua simu, na juu ya sanduku lake pameandikwa kwamba kumbukumbu yake ni gigabaiti 4. Afikapo nyumbani mwanawe aifungua, aitazama hesabu ya ndani, aona imeandikwa tatu na kitu. Kesho yake mama yule arudi dukani.

"Shikamoo, mama," asema muuzaji.

"Marahaba, mwanangu. Lakini umenipunja. Nimelipa nne, nawe umenipa tatu na kitu."

"La, mama, sikukupunja hata kidogo. Simu zote za namna hii ndivyo zilivyo."

"Basi, kilichopungua kimekwenda wapi?"

Muuzaji anyamaza, maana hata yeye hajui. Mama aona kunyamaza kule ni dalili ya hatia, na muuzaji aona ametukanwa bure. Watu wawili waaminifu waachana kwa hasira, kwa kuwa hapana hata mmoja ajuaye jambo linalotendeka ndani ya simu katika nukta chache za kwanza baada ya kuwashwa. Sasa na tulitazame jambo hilo, hatua kwa hatua.

1. Kumbukumbu ni kitu gani

Kumbukumbu ya kompyuta ni mahali ambapo kompyuta huweka vitu inavyovifanyia kazi sasa hivi. Simu nayo ni kompyuta, ingawa ni ndogo. Kumbukumbu imegawanyika katika vyumba vidogo sana, na kila chumba kina namba yake. Chumba kimoja huitwa baiti, nacho chatosha kuweka herufi moja. Neno "Upanga" lataka baiti 6, na neno "Kariakoo" lataka baiti 8. Baiti 1,024 ni kilobaiti moja. Kilobaiti 1,024 ni megabaiti moja. Na megabaiti 1,024 ni gigabaiti moja.

Msichanganye kumbukumbu na ghala. Picha na nyimbo zako hukaa katika ghala ya simu, nazo hazipotei simu ikizimwa. Kumbukumbu haina tabia hiyo. Umeme ukikatika, husahau yote. Kwa hiyo kila simu iwashwapo, kumbukumbu yake ni kama soko wakati wa alfajiri: meza zipo, lakini bidhaa hazipo, wala hapana ajuaye nani atakaa wapi.

2. Msimamizi na daftari yake

Soko lisilo na msimamizi halikaliki. Muuza nyanya ataweka tenga lake mahali pa muuza samaki, na kabla ya jua kupanda watakuwa wamekwisha kushikana mashati. Ndani ya kompyuta msimamizi huyo ni programu iitwayo kiini. Programu nyingine zote humwendea kiini kuomba nafasi, naye huzigawia, kisha huipokea nafasi ile zimalizapo kazi.

Kiini kimoja kijulikanacho sana ni Linux. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika nchi ya Finland. Simu zote zinazotumia mfumo wa Android zina kiini cha Linux ndani yake. Kwa hiyo, ingawa wengi hawakujui, kiini hicho huamka kila siku katika mikono ya watu Upanga na Kariakoo.

Kiini hakigawi baiti moja moja, maana kazi hiyo isingekwisha. Katika kompyuta nyingi hugawa kwa kurasa, na kila ukurasa una baiti 4,096. Tena kwa kila ukurasa kiini huandika habari zake katika daftari: kama unatumika au hautumiki, na ni wangapi wanaoutumia. Katika Linux habari za ukurasa mmoja huchukua kwa kawaida baiti 64. Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari," na waliotengeneza viini vya kompyuta wameifuata hekima ile ile.

Sasa tufanye hesabu. Ukigawa 4,096 kwa 64 utapata 64. Maana yake ni kwamba daftari peke yake yala sehemu moja katika kila sehemu 64 za kumbukumbu. Simu yenye gigabaiti 4 ina kurasa 1,048,576. Zidisha kwa baiti 64, utapata megabaiti 64 kamili. Hiyo ni gharama ya kutunza hesabu tu, kabla ya programu yo yote kupewa cho chote.

3. Fumbo la alfajiri

Hapa lipo fumbo, na mwanafunzi mwenye akili amekwisha kuliona. Daftari yenyewe yataka mahali pa kuwekwa. Mahali hapo ni lazima pawe ndani ya kumbukumbu, maana kiini hakina pengine. Walakini hakuna apewaye nafasi katika kumbukumbu illa kwa kuandikwa katika daftari. Basi daftari itaandikwa wapi, nayo haijakuwapo? Nani atampa msimamizi meza ya kuwekea kitabu chake, ikiwa meza zote hutolewa kwa kitabu hicho?

Waliotengeneza Linux walilifumbua fumbo hili kwa njia nyepesi. Kiini hakiji mikono mitupu. Huja na karatasi mbili ndogo zilizokwisha kupigwa mistari, nazo ni sehemu ya mwili wake mwenyewe, kama vile mtu ajavyo sokoni na kalamu na karatasi mfukoni. Kila karatasi ina nafasi ya mistari 128 kwa kuanzia. Njia hii wenyewe huiita memblock. Karatasi ya kwanza huandikwa sehemu zote za kumbukumbu zilizopo. Karatasi ya pili huandikwa sehemu zilizokwisha kushikwa, zisizoruhusiwa kuguswa. Karatasi hizi hazitaji kila ukurasa mmoja mmoja. Husema tu, "kuanzia namba hii mpaka namba hii," na kwa hiyo mistari michache yatosha kwa kumbukumbu kubwa sana.

Labda utauliza, "Kiini hujuaje sehemu zilizopo?" Huambiwa. Kabla yake hutangulia programu ndogo iliyotiwa na mwenye kiwanda katika kidude kisichosahau. Hiyo ndiyo imwamshayo kiini na kumkabidhi orodha. Katika kompyuta za mezani, orodha yataja kila kipande cha kumbukumbu, kama ni huru au kina mwenyewe. Katika simu nyingi kiini hupewa maandishi yanayoeleza vyombo vyote vilivyomo, pamoja na kumbukumbu na mahali pa kuepukwa.

4. Vilivyo na wenyewe

Ni vitu gani viandikwavyo katika karatasi ya pili? Cha kwanza ni kiini chenyewe, maana nacho kimekaa ndani ya kumbukumbu. Kikijiandikia juu ya mwili wake kitakufa. Cha pili ni mzigo mdogo wa mafaili kinaoletewa ili kipate kuanza kazi kabla ya kuijua ghala. Cha tatu ni maandishi ya yule mtangulizi, ambayo bado yatasomwa. Cha nne, na katika simu hiki ni kikubwa, ni nafasi zilizotengwa kwa vyombo vingine: chombo kinachosema na minara ya simu, na mara nyingi kamera na kioo pia.

Tuchukue mfano mdogo. Kompyuta ina kurasa 1,000 tu. Kiini kimekaa katika kurasa 1 mpaka 100. Mzigo wa mafaili uko katika kurasa 401 mpaka 500. Chombo cha minara kimetengewa kurasa 901 mpaka 1,000. Sasa kiini chataka mahali pa daftari. Kurasa 1,000 mara baiti 64 ni baiti 64,000, nazo zataka kurasa 16. Kiini hutazama karatasi ya kwanza, kisha karatasi ya pili, na kwa desturi yake huanza kutafuta juu kwenda chini. Kurasa 901 mpaka 1,000 zina mwenyewe. Kwa hiyo huchukua zilizo chini yake, 885 mpaka 900, na mara moja huziandika katika karatasi ya pili ili asizichukue mwingine. Zilizobaki huru ni kurasa 684. Hapana mtu aliyeiba kurasa 316 zilizopungua. Kila moja ina kazi yake.

5. Kwa nini saa hiyo ni ya hatari

Mtu aweza kusema, "Kukosa nafasi ni jambo la kila siku. Kiini kitafute njia nyingine." Mchana ni kweli. Kumbukumbu ikijaa mchana, kiini chaweza kuhamisha vitu vingine kwenda ghalani, au kufukuza vilivyowekwa kwa akiba tu, au, ikishindikana kabisa, kuua programu moja ili nyingine ziishi. Msimamizi wa soko ana njia nyingi soko likiwa limekwisha kufunguliwa.

Alfajiri hana hata moja. Ghala hajaijua bado, kwa hiyo hawezi kuhamishia kitu huko. Hapana programu iliyokwisha kuanza, kwa hiyo hapana wa kufukuzwa. Kitu akiombacho saa hiyo ni cha lazima, kama daftari yenyewe. Pasipo daftari hapana soko. Basi akikikosa hana budi kusimama. Tena mara nyingi husimama kimya, kwa kuwa hata kioo hakijawa tayari kuonyesha maandishi. Mwenye chombo huona giza tu, naye hudhani kimekufa.

Kosa la pili ni baya kuliko kukosa. Ni kuchukua kilicho na mwenyewe. Ikiwa orodha ya mtangulizi ina uongo, au mtengenezaji alisahau kuandika mstari mmoja katika karatasi ya pili, kiini kitaandika juu ya vitu vya mwingine pasipo kujua. Siku hiyo pengine hapatatokea neno. Kesho chombo kitazimika chenyewe, na kesho kutwa kitaharibu faili, na fundi atatafuta chanzo cha maradhi asikione. Kwa sababu hii mafundi wa viini huiangalia karatasi ya pili kwa uangalifu mkubwa kuliko ya kwanza.

6. Mlango mwembamba wa zamani

Zamani shida hii ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani, yenye moyo uitwao Intel 8088. Moyo huo ulikuwa na njia 20 tu za kutajia namba za vyumba, na kwa hiyo haukuweza kufika zaidi ya vyumba 1,048,576, yaani megabaiti moja. Katika hizo, kilobaiti 384 za juu zilitengwa kwa kioo na vyombo vingine. Programu ziliachiwa kilobaiti 640, wala hazikuweza kupita hapo.

Kompyuta zilizofuata zilikuwa na kumbukumbu kubwa zaidi, illa kwa muda wa miaka mingi ziliendelea kuamka kwa desturi ile ya kale. Programu ya kiwandani ilisoma baiti 512 tu za kwanza kutoka ghalani, ikaziweka katika chumba namba 31,744, ikaziambia, "Endeleeni ninyi." Programu ya baiti 512 ni fupi kuliko ukurasa mmoja wa kitabu hiki, nayo ndiyo iliyopaswa kuita programu kubwa zaidi, nayo ikaite kiini.

Linux nayo ilibanwa na mlango huo. Hapo kwanza mzigo wake uliokunjwa ulitiwa wote katika zile kilobaiti 640 za chini, na kwa hiyo haukuweza kupita kilobaiti 512 hivi. Kiini kilipokua mlango haukutosha. Ndipo mafundi wakabuni namna mpya ya kukipakia: sehemu ndogo ya kwanza hukaa chini, na mwili mkubwa huwekwa juu ya megabaiti ya kwanza, ambako kuna nafasi. Hawakuuvunja ukuta; walijifunza ulipo, wakapanga mizigo yao kwa kuufuata.

7. Kukabidhiana kazi

Daftari ikiisha kuandikwa, zile karatasi mbili zimetimiza kazi yake. Kila ukurasa usioandikwa katika karatasi ya pili hukabidhiwa kwa mgawaji wa mchana. Huyu hugawa kurasa kwa mafungu ya moja, mbili, nne, nane, na kuendelea kuzidisha kwa mbili mpaka 1,024. Akiombwa fungu dogo naye hana illa kubwa, hulikata katikati likawa mapacha wawili. Mapacha wote wawili wakirudi, huwaunganisha tena. Kwa njia hii kumbukumbu haimegeki vipande vidogo upesi.

Tena liko jambo la kupendeza mwishoni. Zile amri za kiini zilizohitajiwa wakati wa kuamka tu, hazitahitajiwa tena mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa. Linux huzitupa, na kurasa zake huzirudisha katika soko, zipate kutumiwa na wengine. Mjenzi mwema hafanyi kinyume: nyumba ikisimama, huondoa majukwaa ya miti aliyokuwa akisimamia.

8. Hukumu ya ugomvi

Sasa twaweza kumjibu mama wa Upanga. Kilichopungua katika gigabaiti zake 4 hakikuibwa. Kingine ni kiini chenyewe, kingine ni daftari, kingine ni nafasi ya chombo cha minara na wenzake. Kiini cha Linux hata hakifichi jambo hili. Kila kiamkapo huandika mstari mmoja wa hesabu: nafasi iliyopo kwa matumizi, jumla yote, na iliyotengwa. Fundi ajuaye kusoma aweza kuutafuta mstari huo na kumwonyesha mnunuzi.

Walakini si kila upungufu una udhuru. Sanduku likisema gigabaiti 4, na jumla ndani ikawa 2, hiyo si daftari. Hapo pana jambo la kuulizwa. Tena siku hizi masanduku mengine huandikwa 4 na 4, kama kwamba jumla ni 8. Nne ya pili mara nyingi ni sehemu ya ghala iliyoazimwa ifanye kazi ya kumbukumbu, nayo ni ya polepole kuliko kumbukumbu halisi. Mnunuzi aulize, "Iliyo halisi ni ngapi?" Na muuzaji mwaminifu ajibu bila kuzungusha maneno. Mwenye kujua hesabu hapunjiki, wala hamsingizii asiyepunja.

9. Vyombo vya zamani visitupwe upesi

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilikataza kuingiza kompyuta nchini kwa ajili ya gharama yake. Katazo hilo limekwisha kuondolewa, na leo wengi huwa nayo mfukoni. Kwa kuwa zimekuwa nyingi, watu huzitupa kwa urahisi. Kompyuta ikikataa kuamka, husema imekufa.

Pengine haikufa. Pengine kipande kimoja kidogo cha kumbukumbu kimeharibika, na kiini hukanyaga hapo kila asubuhi. Linux hukubali kuamriwa kwa mstari mmoja wa maneno kabla ya kuamka. Fundi aweza kukiambia, "Usipite namba hii," au, "Kipande hiki usikiguse." Kiini hufuata amri hiyo, huacha mahali pabovu, na huishi kwa kilichobaki. Kompyuta iliyokuwa itupwe jalalani yaweza kurudi darasani ikafundishia watoto kwa muda zaidi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwenye kutaka kujifunza mambo haya hana haja ya kwenda mbali. Kando ya Upanga, zikutanapo Barabara ya Morogoro na Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iko Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi. Tena maandishi yote ya kiini cha Linux yako wazi, kila mtu aruhusiwa kuyasoma bila malipo, pamoja na hayo ya karatasi mbili za alfajiri. Asiyekuwa na fedha nyingi na awe na subira. Asome kidogo kidogo, maana haba na haba hujaza kibaba.

Maswali

1. Kumbukumbu na ghala ya simu zina tofauti gani?
2. Kompyuta ina gigabaiti 2 za kumbukumbu. Daftari ya kurasa itachukua megabaiti ngapi?
3. Kwa nini kiini hakiwezi kuua programu ili kupata nafasi wakati wa kuamka?
4. Karatasi ya kwanza huandikwa nini, na ya pili huandikwa nini? Ipi yataka uangalifu zaidi, na kwa nini?
5. Ungekuwa muuzaji wa Kariakoo, ungemjibuje yule mama? Andika jibu lako kwa maneno ya adabu.